Je, sauti za maneno ni za nasibu kweli?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Huwa nafundisha kwamba lugha ni mfumo wa sauti za nasibu, yaani sauti zisizo na uhusiano wa lazima na maana zake. Juzi mwanafunzi wa kidato cha tatu aliuliza: kama ni za nasibu, mbona jiwe likitupwa ziwani tunasema limetumbukia "chubwi", na hakuna anayehitaji kufafanuliwa? Naomba mtaalamu anisaidie jibu.

JIBU: Mwalimu, fasili unayoifundisha ni sahihi, ila "nasibu" isichukuliwe kuwa sauti na maana hazikutani hata kidogo. Mwanaisimu wa Uswisi Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916 akiwa ameshafariki, ndiye aliyeipa hoja hii nguvu katika isimu ya kisasa, na tanakali sauti, yaani maneno yanayoiga milio, alizijua. Alizihesabu kuwa chache na kwamba hata zenyewe hufuata mazoea ya lugha husika. Hapo alikuwa na haki kwa kiasi fulani, kwani jogoo wetu huwika "kokoriko" na wa Wajerumani "kikeriki", ingawa jogoo ni yuleyule.

Kuhusu uchache wake, hata hivyo, lugha za Kibantu zinampinga. Tunasema mtu amelala fofofo, shuka ni nyeupe pe, chungu ni cheusi tii, watu wamenyamaza jii. Tazama hilo la mwisho: ukimya hauna sauti ya kuigwa, weupe nao hauna, lakini msemaji anahisi kwamba viigizi hivyo, yaani maneno ya aina hii yanayoiga mlio au hali, vinachora hali yenyewe na si kuitaja tu. Kwa hiyo "chubwi" ya mwanafunzi wako ni ya ukoo mkubwa, na sehemu ndogo tu ya ukoo huo huiga mlio.

Nje ya viigizi, ushahidi upo lakini ni wa mwelekeo, si wa kanuni. Mwaka 1929 mwanaisimu wa Marekani Edward Sapir aliwapa watu maneno ya kubuni "mil" na "mal", akasema yote yana maana ya meza, kisha akauliza ipi ni kubwa; wengi walichagua "mal". Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliowahusisha wasemaji wa lugha 25, walioulizwa ni umbo lipi liitwe "buba" na lipi "kiki": kwa jumla asilimia 72 ya majibu yalilipa umbo la mviringo jina "buba" na lenye ncha jina "kiki", ila wasemaji wa Kirumania, Kituruki na Kichina hawakuonyesha mwelekeo huo.

Sasa mpe mwanafunzi wako mfano wa nyumbani. Kama irabu "i" ingekuwa lazima iashirie udogo, Kiha kisingedogosha nomino kwa "aka-", wala Kinyamwezi cha jirani zenu wa Tabora kwa "ka-", kwa kuwa hiyo "a" ndiyo irabu ambayo watu wa Sapir waliipa meza kubwa. Kiswahili nacho kinaweka "i" pande zote mbili: "kitoto" ni mdogo, "jitoto" ni kubwa. Atakayedai kwamba tofauti imo katika konsonanti, "k" isiyo na mghuno (mtetemo wa nyuzi za sauti) dhidi ya "j" yenye mghuno, atakuwa na hoja ya kuvutia, ila jozi moja haithibitishi kitu.

Muhimu zaidi, msiwaache wanafunzi walinganishe Kiha na Kirundi, wakute maneno mengi yanafanana, wakasema sauti zimefuata maana. Lugha hizo ni ndugu wa karibu na zimerithi maneno kutoka kwa mzazi mmoja. Hata lugha zisizo na udugu hugongana kwa bahati: katika Kimbabaram cha Australia, mbwa aliitwa "dog", kama kwa Kiingereza, na hakuna aliyeazima kwa mwenzake. Ndiyo maana watafiti hutafuta mfanano katika koo nyingi zilizo mbalimbali kabla ya kutamka lolote.

Katika mtihani, basi, aandike kwamba uhusiano wa sauti na maana ni wa nasibu kwa maneno mengi ya msamiati, kisha ataje viigizi kama eneo ambalo unasibu hupungua, akitoa mifano yake mwenyewe. Aliye na bibi anayezungumza Kiha nyumbani ataipata mingi kuliko iliyomo kitabuni.