Mkondo utakubeba, ila usiikimbilie ndege ya kurudi

Dada, umeuliza kama kuzamia kwa kufuata mkondo kule Kisite, hifadhi ya bahari karibu na Shimoni, kunataka misuli ya waogeleaji wetu wa ufuo wa Dunga, Kisumu. La. Kuogelea ujue, lakini mkondo ndio unaokubeba; wewe unalinda kina chako na kupumua taratibu, huku matumbawe na makundi ya samaki yakikupita kama unachungulia dirisha la matatu. Usishike matumbawe ili usimame: yanavunjika, na mengine yanakata. Boti haitii nanga, inafuata boya analovuta kiongozi wenu kwa kamba. Ukipotezana na wenzako, watafute dakika moja hivi, kisha panda polepole.

Kinachonihangaisha mimi ni kurudi kwenu. Usizamie asubuhi ukapanda ndege ya Kisumu jioni! Nitrojeni iliyoyeyuka mwilini hufanya mapovu shinikizo la hewa likishuka unapopanda juu, na mapovu hayo yanaweza kumpoozesha mtu. Ukizamia mara kadhaa, subiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Basi nalo halikuokoi: Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na barabara ya kuja huku Kisumu kupitia Nakuru hupanda zaidi ya hapo. Ongeza usiku mmoja Shimoni, ule pweza.