Miungano ya mashirika ya ndege: inakufaa lini, inakuumiza lini

Kila msimu wa safari ukikaribia huwa naulizwa swali lilelile: "Ninunue tiketi ya shirika lililo ndani ya muungano, au haina haja?" Wanaouliza hutaka ndiyo au hapana, na mimi nimeacha kujibu hivyo. Nimesafiri kwa miaka mingi kwa ajili ya kazi, na nimewakatia tiketi ndugu na marafiki wengi, na jambo ninaloweza kulisimamia ni hili: nembo ya muungano iliyochorwa ubavuni mwa ndege haikupi haki yoyote. Haki zako zimo kwenye tiketi. Muungano unakufaa pale tiketi ilipoandikwa kwa namna inayowabana wanachama wake wakuhudumie.

Muungano ni kundi la mashirika ya ndege yanayoshirikiana kuuza safari na kuhudumia abiria, na mikubwa ni mitatu. Star Alliance ilianzishwa Mei 1997 na mashirika matano: United, Lufthansa, Air Canada, SAS na Thai Airways. Oneworld ilianza kazi Februari 1999, British Airways na American Airlines zikiwa miongoni mwa waanzilishi. SkyTeam ikafuata Juni 2000, ikiwa na Air France, Delta, Korean Air na Aeroméxico. Kenya Airways ni mwanachama kamili wa SkyTeam tangu 2010, Ethiopian iliingia Star Alliance Desemba 2011, na Qatar Airways iliingia oneworld 2013. Emirates na Etihad hazimo katika muungano wowote kati ya hiyo mitatu. Kumbuka hilo, maana nitalirudia.

Muungano wenyewe hauna ndege wala rubani, na hauna ofisi ambako utakwenda kudai pesa zako. Kila mwanachama hubaki na masharti yake ya nauli, ya mizigo, na ya kurudisha fedha. Ndiyo maana abiria mwenye malalamiko anaweza kurushwa kutoka kaunta moja hadi nyingine, kila shirika likisema mhusika ni mwenzake, na wote wawili wamevaa beji yenye nembo moja.

Faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, huonekana siku ndege ya kwanza inapochelewa. Niliwahi kutua usiku kwenye uwanja wa kubadilishia ndege wakati ndege yangu ya pili imeshaondoka. Nilikuwa na tiketi moja iliyohusisha mashirika mawili ya muungano mmoja. Dada wa dawati la abiria wa kuunganisha aliingiza zile herufi na namba sita za nafasi yangu, akasoma skrini kwa muda, akapiga simu, kisha mashine ikatoa pasi mpya ya kupandia ndege ya shirika la tatu, la muungano uleule, iliyokuwa inaondoka alfajiri. Akaniongezea vocha ya hoteli na ya chakula. Sikudaiwa chochote.

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa kijana tuliyekuja naye ndege moja. Alikuwa anaelekea mji uleule niliokuwa naelekea, kwa shirika lilelile la pili. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na tiketi mbili, kila moja imenunuliwa peke yake kwa sababu kwa pamoja zilikuwa rahisi zaidi. Yule dada alizilaza karatasi zake zote mbili juu ya kaunta, akaziangalia, akamwambia kwa upole: "Kaka, sisi tulikuahidi kukufikisha hapa, na umefika. Kwa wenzetu unaonekana hukutokea." Kijana alijitahidi kueleza kwamba mashirika yote mawili ni ya muungano mmoja. Haikumsaidia. Alinunua tiketi nyingine kwa nauli ya siku hiyohiyo, na kila aliyewahi kununua tiketi ya papo kwa papo anajua nauli hiyo ikoje. Nilimwonea huruma sana, kwa sababu hakuna mahali popote kwenye tangazo la muungano alipoonywa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, hakikisha unanunua tiketi moja. Risiti ya tiketi huwa na namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo hulitambulisha shirika lililoitoa: 057 ni Air France, 220 ni Lufthansa, 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways, 176 ni Emirates. Vipande vyote vya safari vikiwa chini ya namba moja, una tiketi moja. Safari yenye vipande zaidi ya vinne hupewa namba mbili zinazofuatana, na hiyo bado ni tiketi moja. Lakini ukiona namba mbili zinazoanza kwa tarakimu tofauti, simama kwanza, uliza. Tovuti nyingi za kuuza tiketi huunganisha safari mbili zisizohusiana na kuziuza kama kifurushi kimoja, huku maneno ya kwamba utajihamishia mizigo mwenyewe yakiandikwa kwa herufi ndogo.

Sasa nirudi kwa Emirates na Etihad. Mashirika haya mawili yana makubaliano na mashirika mengine mengi ya kuuziana viti na kupokeana mizigo, ingawa hayamo kwenye muungano. Ukiwa na tiketi moja yenye Emirates na shirika lingine, ulinzi wako wa kupangiwa ndege nyingine ni uleule niliopata mimi usiku ule. Hapo ndipo watu wengi hukosea hesabu: huongeza pesa ili wabaki ndani ya muungano, wakati tiketi moja ya mashirika yasiyo na undugu wowote ingewalinda vilevile.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililiweka jambo hili wazi Julai 2019. Abiria kumi na mmoja walinunua kwa České aerolinie, shirika la ndege la Cheki, safari ya kutoka Prague hadi Bangkok kupitia Abu Dhabi. Kipande cha kwanza kilirushwa na České aerolinie na kikafika kwa wakati. Cha pili kilirushwa na Etihad, kikachelewa zaidi ya saa nane. České aerolinie, wakati huo mwanachama wa SkyTeam, ikasema kosa si lake. Mahakama ikaamua kwamba, kwa kuwa safari nzima ilinunuliwa kwa pamoja, abiria wanaweza kuidai fidia České aerolinie yenyewe, kisha yenyewe itajua namna ya kudaiana na Etihad. Nilifurahi sana niliposoma uamuzi ule. Mzigo wa kumtafuta mwenye kosa uliondolewa mabegani mwa abiria.

Fidia hiyo inatokana na kanuni ya Ulaya ya mwaka 2004, namba 261, inayotaja kiasi cha kuanzia euro 250 hadi 600 kulingana na umbali. Na hapa muungano unaweza kukuumiza bila wewe kujua. Ukiondoka kwenye uwanja wa nchi ya Umoja wa Ulaya, kanuni inakulinda hata uwe na shirika gani. Lakini ukiwa unaingia Ulaya kutoka nje, inakulinda iwapo shirika linalorusha ndege ni la Umoja wa Ulaya. Wanachama wa muungano huuziana viti na kubandika namba zao za safari kwenye ndege za wenzao. Unaweza kununua tiketi ya shirika la Ulaya, yenye namba ya safari ya Ulaya, halafu ndege inayokusubiri getini ni ya mwenzake asiye wa Ulaya. Ndege hiyo ikichelewa saa tano, mlango wa kanuni hiyo umefungwa kwako. Tafuta mstari unaosema safari "inaendeshwa na" nani. Huwa upo chini ya namba ya safari, kwa maandishi hafifu, na ndio unaostahili kusomwa kwanza.

Mstari huohuo ndio utakaokuambia ukajisajili kaunta ipi, na mara nyingi kiti utachagulia wapi. Shirika linalorusha ndege lina namba yake ya nafasi, tofauti na ile uliyopewa na muuzaji. Piga simu au waandikie uiombe mapema. Ukiwa nayo utaingia kwenye tovuti yao mwenyewe, utachagua kiti, na utaona kama ombi lako la kiti cha magurudumu au chakula maalumu limefika kweli. Wazazi wazee wakisafiri peke yao, hili usiliache. Maombi ya namna hiyo hupotea njiani kati ya shirika na shirika mara nyingi kuliko inavyotakiwa.

Tuje kwenye nauli, kwani hapo ndipo miungano inaposifiwa na kulaumiwa kwa kiwango kilekile. Kwa anayeunganisha ndege, ushahidi unaipendelea miungano. Wachumi Jan Brueckner na Tom Whalen walichapisha mwaka 2000 utafiti uliokuta kwamba nauli za kuunganisha kati ya mashirika ya muungano mmoja zilikuwa chini kwa takriban asilimia 25 kuliko za mashirika yasiyo na ushirikiano. Sababu yake inaeleweka: mashirika mawili yasiyojuana, kila moja hutaka faida yake kamili kwenye kipande chake, na abiria hulipa mara mbili. Yakipanga bei pamoja, yanajali safari nzima iuzike.

Anayeruka moja kwa moja kati ya miji miwili mikubwa yuko kwenye hali tofauti. Jana mashirika mawili yalikuwa yakimgombania, leo yamekaa meza moja. Kwenye baadhi ya njia, hasa za kuvuka Atlantiki, wanachama wameruhusiwa na serikali kupanga bei na ratiba kwa pamoja na kugawana mapato, jambo ambalo bila ruhusa hiyo lingekuwa kosa la kisheria. Mwaka 2010, British Airways, American Airlines na Iberia ziliporuhusiwa kufanya hivyo, Tume ya Ulaya iliona hatari hiyo waziwazi, ikazitaka ziachie nafasi za kutua London kwa wapinzani kwenye njia za New York, Boston, Dallas na Miami. Wadhibiti wasingehangaika hivyo kama abiria hana cha kupoteza. Ukiona mashirika mawili kwenye njia moja yana nauli zinazofanana hadi senti, huenda unatazama duka moja lenye milango miwili. Tafuta bei ya shirika lililo nje ya ushirika huo, hata kama litakupitisha mahali pengine.

Kuhusu maili, yaani pointi anazokusanya msafiri wa mara kwa mara, na kadi za daraja la juu, nasema bila kusita: ukisafiri mara chache kwa mwaka, zisikuamulie tiketi. Ni kweli kadi ya Star Gold, ya daraja la juu la Star Alliance, inakupa ukumbi wa kupumzikia na kilo 20 za ziada pale mizigo inapohesabiwa kwa uzito, na kwa anayesafiri kila mara huo ni msaada wa maana. Lakini tiketi nyingi za bei rahisi huingiza maili kidogo sana au haziingizi kabisa kwa shirika mwenza, na hilo hutegemea herufi ya daraja la nauli iliyo kwenye tiketi yako. Na mwanachama anaweza kuhama. SAS, mmoja wa waanzilishi watano wa Star Alliance, ilihamia SkyTeam tarehe 1 Septemba 2024. Waliokuwa wamejenga daraja lao huko kwa miaka, milango ya Star Alliance ilifungwa kwao siku hiyo.

La mwisho ni begi. Usiondoke kaunta kabla ya kusoma lebo inayofungwa kwenye mkono wa begi: herufi tatu kubwa ziwe za uwanja wa mwisho wa safari yako. Zikiwa za uwanja wa katikati, muulize mhudumu palepale, begi likiwa bado mbele yako. Likipotea, ripoti kwa shirika lililokufikisha, ndani ya uwanja, na uondoke na namba ya ripoti mkononi. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, mzigo ulioharibika unapaswa kulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee, na uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe. Usipofika katika siku 21 tangu ilipotakiwa ufike, una haki ya kudai kama uliopotea, na unaweza kulidai shirika la kwanza, la mwisho, au lile ambalo mzigo ulipotelea mikononi mwake. Wakikuambia nenda kwa mwenzetu, wasomee ibara ya 36 ya mkataba huo, na barua yako iache palepale kwao.