Anayesema "mimi" ni nani?

Wadogo zangu mnaoanza kuchambua nyimbo za pop za Kiingereza, nawasihi msikimbilie maisha ya mwimbaji. Mimi nilianza hivyo. Insha yangu ya kwanza, kuhusu "Fast Car" ya Tracy Chapman ya mwaka 1988, niliijaza habari za utoto wake huko Cleveland, Marekani. Mwalimu akaandika pembeni swali moja tu: nafsineni, yaani anayesema ndani ya wimbo, ni nani? Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemsoma mtu, wimbo sijausikiliza.

Kiingereza, kama Kiswahili, hakitaji jinsia kwenye "mimi". Katika wimbo huu unapita kazi ya dukani, baba mlevi na shule iliyoachwa, ndipo neno moja likuoneshe kuwa anayesema ni msichana, mpokea malipo wa dukani. Mwaka 2023 Luke Combs, mwanamume wa muziki wa kantri kutoka North Carolina, aliurudia wimbo huo na neno hilo hakuligusa. Aliibeba "mimi" ya mtu mwingine jinsi ilivyo. Mwaka huohuo Chapman, kama mtunzi, akapata tuzo ya Wimbo wa Mwaka ya CMA, chama cha muziki wa kantri cha Marekani, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Kwa hiyo ukiandika juu ya utambulisho, tenganisha watu watatu: aliyetunga, anayeimba na anayesema ndani ya wimbo.

Maneno yaliyowekwa mtandaoni yana makosa mengi, yahakikisheni kwa masikio. Kisha tafsirini wimbo mzima kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kwa kalamu. Hapo ndipo mimi nimejifunza kuliko penginepo, maana kitenzi chetu kinakudai useme nani anatenda, karibu kila mara.

Tazameni ubeti mfupi wa "Fast Car" unaorudi mwishoni. Mara ya kwanza msichana anauliza kama gari la mwenzake lina kasi ya kutosha kuwatoa wote wawili. Inabidi tuamue, anasema, tuondoke usiku huu au tufie katika maisha haya. Mara ya mwisho gitaa ni lilelile, karibu maneno yote ni yaleyale, ila sasa anamwambia mwenzake: inabidi uamue. Yeye ameshashuka garini.

Nilikuwa nimeusikia wimbo huo miaka mingi bila kuliona hilo. Nililiona siku nilipofika ubeti huo wa mwisho, nikaandika "tuamue" kwa mazoea, nikarudia kusikiliza, ikabidi niifute ile t.