Kovu la selotepu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Kampuni mbili za chakula zikiungana kuuza bidhaa zao pamoja, wewe mnunuzi unafaidika au unazungushwa?" Nilikuwa sina nia ya kujibu. Halafu leo asubuhi nimefungua kabati la jikoni, nikaona paketi ya unga wa ngano yenye kovu, na hasira ya zamani ikanipanda.

Wanaonunua kwenye maduka ya mtaani wanalijua kovu hilo. Kitu kikibandikwa kwa selotepu kwenye paketi ya karatasi kisha king'olewe, selotepu huondoka na ngozi ya karatasi. Panabaki alama nyeupe yenye manyoya, mara nyingi katikati ya jina la unga. Ukiiona, jua palikuwa na cha bure na kishapata mwenyewe.

Mimi naishi Umoja Innercore, hapa Nairobi. Kuna mzee mwenye duka hapa mtaani, miaka na miaka tumepitishiana pesa kwenye tundu la wavu wake. Jumamosi moja nilienda kwake kununua unga wa chapati, kilo 2. Ukutani palikuwa na bango: mama anacheka, chapati zimepangwa, kikombe kinafuka moshi, na maneno kwamba kila paketi ya unga ina kipaketi cha kakao cha bure kutoka kampuni nyingine. Binti yangu alikuwa darasa la pili, ndiyo kwanza ameonja utamu wa kusoma. Akalisoma bango lote kwa sauti, silabi kwa silabi, foleni nzima ikimsikiliza. Paketi ikatoka. Ina kovu. Nikauliza, mzee, kakao iko wapi?

"Mwalimu, hiyo ofa iliisha."

Nyuma yake, kando ya mizani, palikuwa na kopo la plastiki limejaa vipaketi vya kakao. Kila kimoja kilikuwa na kipande cha selotepu mgongoni, na kwenye selotepu hiyo umeng'ang'ania utando wa karatasi ya unga. Kopo lilikuwa limeandikwa kwa kalamu: 10.

Nakiri, nilipayuka. Nilitaja hadi Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya, ile inayompa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi bidhaa kikamilifu na kulitaka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki na ya adabu. Haya yote nikiyasema dirishani, huku nyuma yangu kuna jamaa anayetaka sigara moja tu aende zake.

Mzee hakunijibu kwa ukali. Alitoa kipaketi kimoja, akakipitisha kwenye wavu, akasema, "Chukua, mpe mtoto. Lakini soma mgongoni." Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya tarehe ya mwisho. Nikakibonyeza: ndani mlikuwa na bonge, gumu kama chaki iliyolowa ikakauka.

"Kijana wa kampuni aliniletea unga kwa bei ileile ya siku zote," akasema. "Bango alibandika yeye. Sasa mtoto akiumwa tumbo, utakuja kugonga hapa kwangu ama utaenda Industrial Area, kwenye viwanda?"

Hoja yake ina matundu kama wavu wake, maana kakao aliyokuwa akiuza kumi ni hiyo hiyo, na tumbo haliulizi kama umelipa. Lakini lile swali la mwisho sijawahi kulijibu. Na ndilo ambalo ningependa mngeuliza ninyi: kikiharibika cha watu wawili, nigonge mlango upi? Mwenye kakao alimaliza mzigo wake wa zamani. Mwenye unga alipata bango. Dirishani tulibaki mimi na mzee tukibishana.

Mtasema angalau kampuni mbili zinachungana. Mbili kweli? Kwa miaka mingi Blue Band ya mkate na Omo ya kufulia zilitoka nyumba moja, Unilever, mpaka 2018 ilipouza biashara yake ya majarini. Jirani yangu mmoja alikataa kabisa kuamini nilipomweleza. Na jina kubwa halizuii kitu. Novemba 2019 KEBS, shirika la viwango la Kenya, ilipopiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, watu mtaani walishangaa kwamba ni majina yaliyokuwa jikoni mwao. Sumu hiyo hutokana na kuvu kwenye mahindi, hasa yakihifadhiwa na unyevu, na huwezi kuiona ukikodolea macho paketi, iwe na jina moja au manne. Sasa mwenye kakao anapoegemea jina la mwenye unga, je, amewahi kwenda kuangalia ghala lake?

Nilipofika hapa nilikuwa tayari kuandika kwamba sinunui tena kitu chenye mgeni mgongoni. Ndipo nikakumbuka ile paketi ya kabatini. Kovu lake nimelitia mwenyewe. Niliinunua supamaketi wiki jana, na nikaichagua, nikiacha zile za kando yake, kwa sababu ilikuwa na kipaketi cha hamira cha bure. Niling'oa taratibu kwa ukucha, na karatasi ikachunika vilevile.

Kwa hiyo niandikeni upande wa wanaofaidika, kwa masharti. Hamira nilisoma tarehe yake kabla ya kulipa. Bei ya unga nililinganisha na ya duka la mzee: supamaketi walinizidi shilingi nne. Na binti yangu, ambaye siku hizi anasoma kila kitu kimyakimya, ameniuliza kama kwa mzee bado kuna ile kakao ya kumi.