Sista, busta haitakusaidia

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mimi ni muuguzi, zahanati yetu iko kisiwani Pate. Tulinunua busta, kile kifaa cha kukuza netiwaki, na vijiti vya netiwaki kwa simu sasa vimejaa, lakini nikimpigia daktari video inakatakata na ripoti za KHIS, ule mfumo wa serikali wa takwimu za afya, hazipandi. Tuongeze bando au tuchukue busta kubwa?

JIBU: Waaleikum salaam sista. Hakuna cha kununua kwanza. Swali hili naletewa kuanzia Faza mpaka Mokowe na linaniuma, maana watu wanaamini netiwaki ikijaa basi mtandao ni mzuri, sivyo kabisa! Busta inakuza kila inachosikia, mnara na makelele ya mawimbi mengine yote pamoja, na ikifungwa ovyo antena ya nje na ya ndani zinasikiana, zinapiga mluzi kama maikrofoni karibu na spika, mluzi ule unafika mnarani unaharibia kijiji kizima. Ndio maana Mamlaka ya Mawasiliano hairuhusu zile zisizoidhinishwa, na wauzaji wanajua.

Ingia kwenye rauta yako utafute RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara, na SINR, yaani mawimbi hayo yanavyozidi makelele. RSRP ikiwa -90, nguvu ipo, lakini SINR ni 2 tu, shida yako ni makelele, bando hata la elfu kumi halifanyi kitu. RSRP ikishuka -115, mnara uko mbali au mikoko imeziba, hapo weka rauta ya nje juu ya mlingoti iangalie mnara, umeme wake upite kwa waya uleule wa mtandao (LAN), usivute waya mrefu wa antena unaomaliza mawimbi njiani. Namba zikiwa nzuri lakini jioni mtandao unakufa, mnara umejaa watu, ripoti zipandishe alfajiri.

Fundi akija na boksi bila kupima, msimlipe, na hili nawaambia zahanati zote za pwani. Kuna moja nilifungua konekta ya antena, shaba imekuwa kijani kwa chumvi, inavunjika mkononi kama biskuti, na washauziwa busta mbili! Mama mjamzito anavuja damu, daktari yuko kwenye simu hasikiki, na pesa imeenda kwa mtu ambaye hakupanda hata ngazi akaangalia.

Starlink ipo Kenya tangu 2023, ni njia nzuri pia, lakini sola ikiwa dhaifu itazima usiku vilevile.

Nipigie picha ya zile namba, moja asubuhi na moja saa mbili usiku, busta ikiwa imezimwa.