FUNDI ANAJIBU: Kwanini valvu ya ekzosi ndo ndogo, na kwanini ndo inayoungua?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni mwanafunzi wa ufundi magari. Hedi (kile kifuniko cha juu ya silinda zinapokaa valvu) za injini za petroli tunazofungua darasani karibu zote valvu ya ekzosi, ya kutolea moshi, ni ndogo kuliko ya inteki, ya kuingizia hewa, wakati moshi unaotoka ni wa moto na umevimba kuliko hewa iliyoingia, sasa si ingekua kinyume? Alafu tukikuta valvu imeungua basi ni hiyohiyo ndogo. Nieleweshe tafadhali.

JIBU: Marahaba mwanangu. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu ukielewa hili umeelewa nusu ya kazi ya hedi.

Anza kwa kujiuliza nani anasukuma. Pistoni ikishuka inaacha presha ndogo ndani ya silinda, na kinachoingiza hewa ni presha ya hewa ya nje tu, ambayo usawa wa bahari ni baa 1 hivi, na tofauti ya ndani na nje ni ndogo kuliko hata hiyo baa 1. Kama injini haina tabo, yaani pampu ya kusukumia hewa ndani, hakuna msaada mwingine. Ekzosi mambo ni tofauti kabisa, valvu inaanza kufunguka pistoni ikiwa bado haijafika chini, wakati ndani bado kuna presha ya baa kadhaa, kwahiyo moshi mwingi unatoka kwa nguvu zake wenyewe alafu pistoni ikipanda inafukuza uliobaki. Mwenye nguvu anapita hata kwenye mlango mdogo, asiye na nguvu ndo anapewa mlango mkubwa. Ndo maana kwenye injini nyingi za valvu mbili kila silinda kipenyo cha ekzosi ni kama asilimia 85 ya kile cha inteki.

Sababu ya pili ni joto, na hii ndo inajibu swali lako la kuungua. Valvu ya inteki kila mzunguko inapulizwa na hewa baridi, kwahiyo inapoa. Ya ekzosi inapigwa na moto wakati imefungwa, alafu ikifunguka ndo moto wenyewe unapita pembeni yake na kulizunguka shina, ile fimbo yake ndefu, kwahiyo haina dakika ya kupumzika. Kwenye injini ya petroli inayofanya kazi ngumu kichwa chake kinafika nyuzijoto 700 mpaka 800, yaani chuma kimeshakua chekundu. Joto hilo litoke wapi? Kama robo tatu yake inatokea kwenye siti, pale valvu inapokaa ikifungwa, na iliyobaki inapanda kwenye shina inaingia kwenye gaidi, ile bomba fupi inayoshika shina. Kichwa kikiwa kidogo safari ya joto kutoka katikati mpaka pembeni inakua fupi, ndo faida ya udogo.

Sasa piga hesabu. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6000 kwa dakika, mzunguko mzima wa kazi yaani krankshafti kuzunguka mara mbili unachukua sehemu 20 za elfu ya sekunde. Theluthi moja ya muda huo valvu ya ekzosi iko wazi. Inabaki kama sehemu 13 za elfu ya sekunde imekaa kwenye siti, na kwenye muda huo inatakiwa itoe joto lote hilo kupitia kipete cha chuma chenye upana wa milimita 1.5 mpaka 2! Kwahiyo kikiingia kipande cha kaboni hapo kati, au siti ikila upande mmoja, au nafasi ya tapeti (uwazi mdogo kati ya shina la valvu na kinacholisukuma) ikiisha, mambo mawili yanatokea kwa pamoja, joto linakosa njia ya kutoka na moshi wenye presha unapata njia ya kupita, na unapita kwenye upenyo mwembamba kama moto wa gesi ya kukatia chuma. Unaanza mfereji mdogo, mfereji unapitisha moto zaidi, na safari ya mwisho unakuta pembe ya valvu imeliwa.

Siku mkifungua hedi nyingine, chukua valvu ya ekzosi uigeuze taratibu kwenye mwanga uangalie ule mzunguko unaokaa kwenye siti. Valvu isiyo na tatizo utaona mstari wa kijivu uliofifia, upana mmoja kuzunguka kote, hauna mkato. Inayoanza kuungua utaona mahali pamoja ule mstari umekatwa na alama nyeusi inayotoka ndani kwenda nje. Hiyo alama ni moshi ulikua unapita hapo, na ukiiona mapema valvu inaweza kupona kwa kusagwa tu.

Na kuhusu kusaga, kuna mafundi wanasaga valvu kwenye siti yake kwa pesti ya kusagia mpaka siti inakua pana wakiamini pana ndo inaziba vizuri. Sio kweli. Siti nyembamba inaziba vizuri zaidi kwa sababu nguvu ya springi inakusanyika sehemu ndogo na inaponda kaboni, pana inapoza vizuri zaidi lakini inalaza uchafu. Ndo maana inteki inapewa upana mdogo, ekzosi inapewa zaidi kidogo, na kitabu cha injini ndo kinasema mwisho wapi. Nyuzi 45 za siti nazo ziliwekwa kwa sababu, kwenye mteremko huo valvu inajiweka katikati yenyewe kila ikifunga na inabana kwa nguvu. Nyuzi 30 zinapitisha hewa zaidi valvu ikiwa imefunguka kidogo tu lakini kubana kwake ni dhaifu, kwahiyo utazikuta zaidi upande wa inteki. Fundi mzuri wa mashine anakata siti kwa pembe tatu, 30 juu, 45 katikati, 60 chini, ili hewa isikutane na kona kali.

SWALI: Habari fundi. Kwanini injini za siku hizi zina valvu nne kila silinda, si valvu mbili kubwa zingetosha? Na nimesikia ziliwahi kuwepo za valvu tano, zimeenda wapi?

JIBU: Salama kaka. Watu wengi wanaangalia ukubwa wa tundu, lakini hewa haipiti kwenye tundu moja kwa moja, inapita kwenye ule uwazi unaozunguka ukingo wa valvu. Eneo la uwazi huo ni mzingo wa valvu mara kimo ilichofunguka. Ukifanya hesabu yake utakuta uwazi unalingana na tundu valvu ikinyanyuka robo ya kipenyo chake, kwahiyo valvu ya milimita 40 inahitaji kunyanyuka milimita 10 ndo ipumue kikamilifu.

Chukua hiyo ya milimita 40, mzingo wake ni kama milimita 126. Weka badala yake mbili za milimita 30, mzingo wa zote mbili unakua kama 188, yaani kwa kimo kilekile cha kunyanyuka umepata nusu nzima ya ziada. Tena kila moja ni nyepesi kwahiyo springi haihangaiki, na katikati inabaki nafasi ya plagi kukaa pale inapotakiwa, moto unasambaa sawa pande zote. Hiyo kwangu ndo faida kubwa kuliko zote na haisemwi sana. Wala sio ugunduzi wa juzi, Peugeot walikua na gari la mashindano lenye valvu nne kila silinda na kemshafti (shafti zenye kemu, yale manundu yanayofungua valvu) mbili juu mwaka 1912, na mwaka uliofuata wakashinda Indianapolis.

Valvu tano zilikuepo kweli, tatu za inteki na mbili za ekzosi. Yamaha waliziweka kwenye pikipiki ya FZ750 mwaka 1985, baadae Audi na Ferrari nao wakatumia. Shida ni kwamba ile ya inteki ya katikati inakaa kwa pembe tofauti na wenzake, chumba cha kuchomea mafuta kinaharibika umbo, vipuri vinaongezeka, na hewa inayoongezeka ni kidogo. Teknolojia ya kubadilisha muda wa kufungua valvu ilivyokomaa ikatoa faida kubwa zaidi kwa valvu nne zilezile. Honda walijaribu njia ngumu zaidi mwaka 1979 na NR500, pistoni ya umbo la yai lililovutwa ili zikae valvu nane kwa silinda moja! Naiheshimu sana kazi ile, ila ring za pistoni ya umbo hilo ni mateso kutengeneza.

SWALI: Fundi za kazi. Gari yangu tapeti zinagonga asubuhi, nimeshauriwa zikazwe mpaka zinyamaze. Ni sahihi?

JIBU: Hapana dada yangu, tafadhali usikubali. Shina la valvu linarefuka likipata joto, na ile nafasi ndogo inaachwa makusudi ili likirefuka valvu bado ifunge mpaka mwisho. Ekzosi inapata joto zaidi ndo maana kwenye injini nyingi inaachiwa nafasi kubwa kidogo, mfano 0.20 kwa inteki na 0.30 kwa ekzosi, milimita hizo, lakini namba ya injini yako soma kwenye kitabu chake na upimwe kwa fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia nafasi, injini ikiwa imepoa, isipokua kitabu kiseme vingine. Nafasi ikizidi kidogo unapata kelele. Nafasi ikiisha valvu haifungi, na nimeshaeleza hapo juu kinachofuata.

Tena kwenye injini nyingi zenye kemshafti juu nafasi inapungua yenyewe kadri valvu inavyozama kwenye siti, kwahiyo injini iliyonyamaza kupita kiasi ndo ya kuikagua haraka. Hii inawahusu sana waliobadilisha magari kutumia gesi, gesi ni kavu. Zamani madini ya risasi (lead) yaliyokua yanachanganywa kwenye petroli yalikua yanaacha utando kwenye siti unaozuia chuma kung'ang'aniana na chuma, yalipoondolewa watengenezaji wakahamia kwenye siti ngumu za kupachika. Kama hedi yako ni ya zamani haina siti ngumu alafu unatumia gesi, pima tapeti mara kwa mara.

SWALI: Nini kinazuia injini kuzunguka zaidi, si waweke springi ngumu tu?

JIBU: Kwenye mizunguko 6000 kila valvu inafunguka na kufunga mara 50 kwa sekunde. Ukizidisha, springi inashindwa kuirudisha kwa wakati, valvu inaelea, pistoni inaikuta njiani. Springi ngumu zaidi inakula nguvu ya injini na inasaga kemu, alafu springi nayo ina mtetemo wake, ikifika mahali inacheza yenyewe, ndo unaona nyingine zimewekwa mbili moja ndani ya nyingine zisitetemeke pamoja. Ducati walifuata njia ya kuifunga valvu kwa kemu badala ya springi, kazi ya mhandisi wao Fabio Taglioni tangu 1956, na Mercedes walishafanya hivyo kwenye gari la mashindano W196 la 1954. Renault mwaka 1986 kwenye Formula 1 wakaweka gesi yenye presha mahali pa springi ya chuma, na mbinu hiyo ndo ikaja kutawala mashindano yale.

SWALI: Fundi nimepata valvu ya zamani ya ekzosi, shina lake ni nene kuliko kawaida na nimeambiwa ndani ni tupu ina dawa. Nataka niikate nione.

JIBU: Ndugu yangu usiikate, weka msumeno chini kwanza. Hiyo dawa ni sodiamu. Shina linatobolewa, linajazwa sodiamu karibu nusu tu, alafu linazibwa. Sodiamu inayeyuka kwenye nyuzijoto 98, kwahiyo injini ikipata moto inakua maji maji, na kila valvu ikipanda na kushuka inarushwa kutoka kichwani mpaka juu ya shina, inabeba joto kutoka kichwani penye moto zaidi kulipeleka kwenye gaidi. Ndo maana likawa nene, lipate nafasi ya tundu na uso mkubwa wa kutolea joto. Aliyeifanya ikubalike ni mhandisi Sam Heron kwenye injini za ndege, na ile injini ya Wright J-5 iliyomvusha rubani Charles Lindbergh bahari ya Atlantiki mwaka 1927 kwa zaidi ya saa 33 mfululizo ilikua na valvu za namna hiyo. Mi naiona ni moja ya mbinu safi kabisa kuwahi kuingia ndani ya injini.

Lakini sodiamu ikikutana na maji, hata unyevu wa mkononi, inatoa haidrojeni na moto kwa wakati mmoja, na inaweza kulipuka usoni. Kwahiyo usiikate, usiisage mwisho wa shina, usiichome, usiitupe kwenye chuma chakavu kinachoenda kuyeyushwa. Iandike kwa rangi kwamba ina sodiamu, ihifadhi nzima mahali pakavu, na ukitaka kuitoa ipeleke kwa wanaopokea kemikali hatari uwaambie ndani kuna nini kabla hujawakabidhi.