Stata mbili kwenye karatasi moja

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimerithi kwa marehemu baba mashine ya kuranda mbao hapa Mafinga. Mota yake ni ya zamani, ya fezi tatu, na ina miaka kadhaa haijawashwa. Nilimwita fundi aikague, akaniachia karatasi ya mistari miwili: “Stata imeungua, isukwe. Stata ibadilishwe.” Stata ni ipi, ya kusukwa au ya kubadilishwa? Na waya wa shaba husukwaje, kwani ni nywele?

JIBU: Marahaba. Fundi wako hajajirudia. Ametaja vitu viwili tofauti, ila lugha imempa jina moja la kuvitajia.

Stata ya kwanza ni sehemu ya mota isiyozunguka: chuma chenye mifereji kwa ndani, na katika mifereji hiyo zimelazwa koili za waya wa shaba. Kinachozunguka katikati ni rota. Stata ya pili haimo ndani ya mota. Ni kile kisanduku cha ukutani au cha ubavuni mwa mashine, chenye kitufe cha kijani na chekundu. Ndani yake mna kontakta inayopeleka umeme kwenye mota, na ovalodi inayoukata mota inapozidiwa.

Kwa Kiingereza maneno hayo, “stator” (ile isiyozunguka) na “starter” (kile kisanduku), yana tahajia mbili na matamshi mawili. Yamegongana yalipofika kwetu. Maneno mengi ya Kiingereza yanayoishia kwa herufi r tumeyapokea kwa sikio, na Mwingereza huimeza r hiyo ya mwisho. Ndiyo maana tuna mota, trekta, transfoma na kompyuta, zote zimetua kwenye a. Jina la kisanduku cha kuwashia lilipita njia hiyohiyo likawa stata, bila taabu. Lile la sehemu isiyozunguka naona liliingia kwa jicho: mtu alilisoma limeandikwa, na kwa kuwa alikwisha zoea mota na rota, akalipa umbo lao. Lingeingia kwa sikio lingekuwa steta, kama tulivyopata jenereta na rejeta.

Kwa kawaida Kiswahili kina kinga dhidi ya migongano ya namna hii. Ukisema “paa limevuja” na “paa amekimbia”, hakuna atakayechanganya nyumba na mnyama, maana upatanisho umekwisha kuamua. Kaa la moto na kaa wa pwani ni vivyo hivyo. Lakini stata zote mbili zimeangukia ngeli moja: stata imeungua, stata zimeungua. Kinga yetu imetoboka hapo.

Hata hivyo, karatasi yako inasomeka. Utazame vitenzi. Kinachosukwa ni koili za mota, hivyo mstari wa kwanza ni wa ile sehemu isiyozunguka. Kisanduku hakisukwi, hutengenezwa au hubadilishwa, kwa hiyo mstari wa pili ni wake.

Sasa hilo la kusuka, ambalo wengine wangependa tuliache tuseme “kuzungushia waya”. Mimi nalitetea. Nimekaa na mafundi wakiifanya kazi hii. Ni kweli kwamba mwanzoni waya huzungushwa kwenye kalibu ili kupata koili, na hatua hiyo peke yake si kusuka. Lakini kinachofuata ndicho kirefu na ndicho chenye ufundi. Kila koili ina mbavu mbili, na kila ubavu hulazwa katika mfereji wake. Kati ya mifereji hiyo miwili, koili hupita juu ya jirani zake na nyingine hupita juu yake. Mota yako ni ya fezi tatu, yaani mafungu matatu ya koili yanayopishana kwa zamu kuzunguka chuma chote. Tazama kichwa cha mota kilichofunguliwa, pale waya zinapotokeza nje ya mifereji na kufungwa kwa uzi kabla ya kumiminiwa vanishi. Aliyewahi kusuka ukili atauona mpishano ule mara moja. Kitenzi chenyewe pia kimezoea kusafiri: kamba husukwa, mipango husukwa, na kila msimu wa usajili tunaambiwa kocha anasuka upya kikosi. Kufuma tukiachie kitambaa na kusokota tukiachie uzi. Nuksi ni moja tu: anayesuka nywele ni msusi, lakini huyu wa mota hajapata jina la neno moja, naye tunamwita fundi wa kusuka mota.

Neno lililonitia shaka katika karatasi yako ni “imeungua”. Karakana nyingi husema mota imeungua kila inapokataa kufanya kazi. Kuungua kuna dalili zake: harufu, vanishi iliyogeuka nyeusi, koili zilizokauka na kubambuka. Mota iliyokaa miaka bila umeme huenda imekula unyevu tu, na ikipimwa katika hali hiyo kwa mega, kile kipimo cha kuonyesha kama umeme unavuja kutoka kwenye waya, itasoma vibaya kama iliyoungua kweli. Tofauti kati ya vitenzi hivyo viwili ni fedha yako. Muulize fundi kwa upole: imeungua au ina unyevu? Yenye unyevu huanikwa au hukaushwa kwa joto la taratibu kwa siku kadhaa, kisha hupimwa tena.

Na “ibadilishwe” nayo usiipokee haraka. Stata za zamani zilijengwa ili zifunguliwe, na mara nyingi tatizo huwa ni pointi zilizochakaa, yaani vile vipande vinavyogusana kupitisha umeme, au koili ya kontakta.

Kwa maandishi, ninapendekeza stata ibaki kuwa jina la kifaa cha kuwashia, maana dukani ndivyo kinavyoombwa, ila kifuatwe na mwenyewe: stata ya mota, stata ya gari, stata ya taa. Kiwashio ni neno zuri, lakini ukilipeleka kaunta utarudi na swichi. Ile sehemu isiyozunguka tuiite steta, ikae pamoja na jenereta. Karatasi ya fundi wako ningeiandika hivi:

“Steta ikaushwe, ipimwe kwa mega. Ikithibitika imeungua, isukwe upya kwa idadi ileile ya mizunguko na unene uleule wa waya. Stata ya mota ifunguliwe, pointi zikaguliwe, ovalodi irekebishwe ifuate ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota.”

Na kibati hicho, mashine itakapopelekwa kupakwa rangi, kifunikwe kwanza.